Jibu Lijieleze Lenyewe

Leo nazungumzia mistari ambayo huioni, ingawa unaitumia kutwa nzima. Kila simu yako inapouliza jambo mtandaoni, seva haianzi moja kwa moja na jibu. Hutanguliza maelezo mafupi: jibu hili ni la aina gani, lina ukubwa gani, na laweza kuhifadhiwa kwa muda gani. Watengenezaji wa programu huyaita maelezo hayo heda za jibu. Nimeyaleta hewani kwa sababu HTTP, itifaki inayobeba tovuti zote duniani, imeandaliwa namna mpya ya kuuliza iitwayo QUERY. Wengi wanaoisikia hushughulika na swali: litaandikwaje, litatumwaje. Mimi nasema kazi kubwa iko upande wa jibu, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na haja yenyewe. Mwaka 1991, Tim Berners-Lee alipoieleza HTTP ya kwanza pale maabara ya CERN, Geneva, kulikuwa na ombi la aina moja tu: GET. Unataja anwani, unapewa ukurasa. Mei 1996 ikachapishwa HTTP/1.0, na humo ikawamo POST, ombi linalobeba mzigo na kumwambia mpokeaji, chukua hiki ukifanyie kazi. Tangu hapo mipaka ikajulikana. GET ni ombi salama: linasoma tu, halibadilishi kitu. POST laweza kubadilisha: kulipa, kusajili, kufuta.

Mipaka hiyo ilitosha hadi maswali yalipoanza kurefuka. Chukua mfano wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Ndani ya mfumo huo kila kituo cha afya hutambulishwa kwa msimbo wa herufi na tarakimu 11. Mchambuzi akitaka takwimu za malaria kwa GET, misimbo hiyo hupangwa ndani ya anwani, kila mmoja na alama ya kuutenga na mwenzake. Basi kila kituo kinachukua nafasi 12. Vituo 600 ni nafasi 7,200, na bado hujataja ugonjwa, miezi wala makundi ya umri. Kiwango cha HTTP cha mwaka 2022, waraka namba RFC 9110, kinapendekeza kila mhusika aweze kupokea anwani yenye urefu wa angalau baiti 8,000, baiti moja kwa kila nafasi. Zaidi ya hapo hakuna dhamana. Seva yaweza kurudisha msimbo 414, yaani anwani ni ndefu mno, na mchambuzi akabaki mikono mitupu.

Urefu si tatizo pekee. Anwani haina siri. Huandikwa kwenye kumbukumbu za seva, hubaki kwenye historia ya kivinjari, na mtu huinakili na kuituma bila kufikiri. Swali lenye jina la mgonjwa na ugonjwa wake halipaswi kuachwa mahali kama hapo. Ndiyo maana FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za matibabu, kinaruhusu utafutaji ufanywe kwa POST kupitia njia maalumu iitwayo _search, ili masharti ya swali yakae ndani ya mwili wa ombi, yaani mzigo wake.

Wengine walipita njia zao. Elasticsearch, programu ya kutafutia ndani ya hazina kubwa za data, inakubali GET yenye mwili. Lakini kiwango cha HTTP kinasema mwili wa GET hauna maana iliyokubaliwa na wote, na chombo kilichoko njiani kinaweza kulikataa ombi la namna hiyo. Walio wengi, wakiwemo wanaotumia GraphQL, lugha ya kuulizia data, hupeleka maswali yao kwa POST. Inafanya kazi, ila ina gharama ambayo mtumiaji wa mtandao dhaifu ndiye anayeilipa. Ukiwa ndani ya basi kati ya Dodoma na Singida na mawasiliano yakakatika kabla jibu halijafika, programu yako haipaswi kurudia POST yenyewe, kwa kuwa haijui kama ombi la kwanza lilishafanya kazi. Kama lilikuwa malipo, kurudia ni kulipa mara mbili. Kumbe wewe ulikuwa unauliza tu idadi ya wagonjwa! Na jibu la POST kwa kawaida halihifadhiwi, kwa hiyo swali lile lile litasafiri upya hadi kwenye seva kila linapoulizwa.

Hapo ndipo QUERY inapoingia. Kikundi kazi cha HTTP ndani ya IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti, kilianza kuishughulikia mwaka 2021. Mwanzoni kilifikiria kulitumia upya jina la SEARCH, lililokuwamo tayari katika kiwango cha mwaka 2008 cha WebDAV, nyongeza ya HTTP, kisha kikaamua kuanza na jina lake peke yake. QUERY hubeba mwili kama POST, lakini huahidi usalama kama GET. Inasoma tu. Ikikatika, irudiwe bila woga. Jibu lake laweza kuhifadhiwa.

Sasa tufike kwenye jibu. Ukiuliza kwa GET, swali lote limo ndani ya anwani, na anwani ile ile ndiyo jina la jibu. Ukitaka kulihifadhi, kulirudia au kumwonyesha mwenzako, unayo anwani. QUERY inaivunja ndoa hiyo. Anwani inabaki fupi, labda inasema takwimu tu, na maswali elfu moja tofauti yanapita mlango huo huo. Jibu likishatoka halina jina. Nani atajua ni jibu la swali lipi? Nani atajua kama bado ni bichi au limechacha? Majibu ya maswali hayo hayana pengine pa kutoka isipokuwa kwenye heda.

Nipe nafasi ya mfano mmoja. Umetoka zahanati na kibahasha cha dawa kilichoandikwa moja mara tatu. Atakayekupa dawa hiyo saa nne usiku ni dada yako, ambaye hakuwepo ulipozungumza na tabibu. Yeye anategemea maandishi ya nje peke yake. Yakikosekana atakisia, na yakiwa ya uongo atakudhuru kwa nia njema. Heda za jibu huandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo: kivinjari, hifadhi ya muda ambayo mafundi huiita kache, proksi, na mtandao wa usambazaji uliokodiwa na mwenye tovuti. Wote hao hawakuwepo swali lilipotungwa.

Rasimu ya QUERY imezigawa kazi hizo kwa heda kadhaa, na naona mgawanyo wake ni wa busara.

Heda ya kwanza ni mpya kabisa: Accept-Query. Kupitia heda hii seva hutangaza lugha za maswali inazozielewa. Je, nikuulize kwa SQL, kwa JSONPath, au kwa fomu ya kawaida ya tovuti? Bila tangazo hilo, mwulizaji hujaribu kimoja kimoja na kukataliwa kwa msimbo 415, yaani aina hii ya mwili siijui. Wazo lina mzazi: PATCH, mbinu ya kurekebisha sehemu ya kitu, ilipopata kiwango chake Machi 2010, ilikuja na Accept-Patch kwa kazi kama hiyo. Uzuri wa Accept-Query ni kwamba mwulizaji huweza kupata tangazo kabla hajauliza lolote, kwa sababu seva inaweza kulibandika hata kwenye majibu ya maombi mengine. Seva isemayo mapema inachokielewa huokoa safari za bure, na kwa mwenye bando dogo kila safari ni pesa.

Heda mbili zinazofuata ni za zamani, ila hapa zimepewa kazi inayohitaji uangalifu. Content-Location husema: jibu hili ulilolipata linakaa kwenye anwani hii. Location husema: swali lako nimelitunza kwenye anwani hii. Ukisikia haraka utadhani ni kitu kimoja. Hebu tuweke mfano. Ofisa wa afya anauliza wagonjwa wa malaria waliopokelewa katika vituo vya Mtwara. Seva inarudisha jedwali, na juu yake inaandika Content-Location yenye anwani ya jibu namba 17, na Location yenye anwani ya swali namba 42. Wiki ijayo vituo vitakuwa vimeleta ripoti mpya. Akifungua kwa GET anwani ya jibu namba 17, atapata jedwali lile lile alilolitumia kwenye taarifa yake. Akifungua anwani ya swali namba 42, swali linaulizwa upya na anapata hesabu ya leo.

Mtu anayekagua taarifa iliyopita anahitaji anwani ya kwanza. Mtu anayefuatilia mlipuko anahitaji ya pili. Msanidi atakayezichanganya atampa mkaguzi takwimu zilizobadilika chinichini, na atampa mfuatiliaji takwimu za zamani akidhani ni za leo. Katika afya, tofauti hiyo inaamua dawa zipelekwe wapi.

Kuna faida nyingine katika anwani hizo, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Kuhifadhi jibu la QUERY kwenye kache ni kazi ngumu. Kwa GET, kache hutazama anwani. Kwa QUERY, lazima isome mwili wote wa swali kabla haijajua kama jibu inalo. Ipo heda ya zamani iitwayo Vary, inayoiambia kache ni heda zipi za ombi zilizoathiri jibu, lakini haiwezi kuutaja mwili. Kisha maswali mawili yanaweza kuwa na maana moja huku yakitofautiana kwa nafasi tupu au mpangilio wa JSON, muundo wa kuandikia data. Kache ikijaribu kuyasawazisha ili yahesabike kuwa moja, na ikayaelewa tofauti na seva, itampa mtu jibu la swali la mwingine. Seva ikitoa anwani fupi, mzigo huo unapungua. Safari ya kwanza ni QUERY, zinazofuata ni GET ya kawaida, ambayo kila kache duniani inaifahamu. Ukiongeza ETag, ambayo ni alama ya toleo la jibu, simu itauliza kama kuna kilichobadilika, na kama hakuna itapewa msimbo 304 bila jedwali kutumwa tena.

Rasimu inaruhusu pia njia nyingine: seva irudishe msimbo 303 bila jedwali, imwelekeze mwulizaji aende na GET kwenye anwani nyingine. Njia hiyo inafaa hesabu inapokuwa nzito. Kwa maswali mepesi siipendekezi, maana inamfanya kila mwulizaji aende mara mbili. Jibu na anwani zake vikija pamoja kwa msimbo 200, yaani ombi limefanikiwa, kazi imekwisha.

Hata hivyo, anwani ni ahadi, na ahadi zina masharti. QUERY, kama POST, inasaidia kuficha maswali nyeti ndani ya mwili. Seva ikichukua jina la mgonjwa na kulitia ndani ya Content-Location, siri iliyofichwa mlangoni inatoka dirishani. Rasimu inalionya jambo hilo, na onyo hilo lizingatiwe kama sheria. Vilevile namba zinazofuatana, 17, 18, 19, zinamkaribisha mdadisi ajaribu inayofuata. Anwani hizo zilindwe kwa ruhusa zile zile zilizolinda swali. Aliyekatazwa kuuliza asipate jibu kwa kubahatisha namba.

Sharti jingine ni uhai. Seva inayotoa anwani inabeba wajibu wa kuitunza. Kama huna nafasi ya kuhifadhi maelfu ya maswali na majibu, usitoe anwani. Heda hizo si za lazima, na jibu la QUERY bila Location wala Content-Location ni jibu halali kabisa. Vivyo hivyo kwa Cache-Control: kusema jibu litadumu saa moja wakati data hubadilika kila dakika ni kuwadanganya watumiaji wako. Ukimya ni bora kuliko heda ya uongo.

Kwa wanaotengeneza programu za kivinjari, kuna jambo linalosahaulika kirahisi. Ukurasa wa tovuti moja ukiuliza seva ya tovuti nyingine kwa QUERY, kivinjari kitatuma kwanza ombi la OPTIONS kuomba ruhusa, kwa kuwa QUERY haimo kwenye orodha ya mbinu zinazopita bila kuulizwa. Seva lazima iitaje QUERY kwenye Access-Control-Allow-Methods. Afadhali iongeze na Access-Control-Max-Age, ili ruhusa ikumbukwe na safari ya kuomba isijirudie kila mara. Na hata jibu likifika, kivinjari hakimwonyeshi msanidi heda zote. Location, Content-Location, ETag na Accept-Query hazimo kati ya zile zinazoonekana moja kwa moja. Seva isipozitaja kwenye Access-Control-Expose-Headers, zitasafiri hadi kwenye simu na kuishia hapo, programu haitazisoma. Unaweza kubuni heda nzuri ajabu na zisimfae mtu yeyote kwa kukosa mstari huo mmoja.

Nimalizie upande wa ufundi kwa namna heda zenyewe zinavyoandikwa. Set-Cookie, heda inayokipa kivinjari kuki, iliyoanzia kwa kampuni ya Netscape miaka ya 1990, iliruhusu tarehe ya mwisho yenye mkato ndani yake, baada ya jina la siku. Lakini katika HTTP mkato ndio unaotenganisha vitu vya orodha, na kanuni ya jumla inaruhusu heda za jina moja kuunganishwa kwa mkato ziwe mstari mmoja. Set-Cookie zikiunganishwa hivyo, huwezi tena kujua kwa uhakika ipi inaishia wapi. Hadi leo kiwango kinalazimika kuitaja kama kitu cha pekee, na kila anayeandika programu ya kusoma HTTP lazima aiwekee njia yake. Uamuzi mmoja umekuwa mzigo wa miaka 30.

Fundisho lake limezaa kanuni. Februari 2021 ulichapishwa waraka RFC 8941, na Septemba 2024 ukafuatwa na RFC 9651, unaoeleza namna moja ya kuandika heda mpya: orodha ziandikweje, namba ziandikweje, maneno yafungwe vipi. Accept-Query imeandikwa kwa kanuni hizo, na programu moja ya kusomea inatosha. Kabla ya hapo, Juni 2012, RFC 6648 ilishauri watu waache kubuni heda za kuanzia na herufi X kama alama ya majaribio, kwa sababu majaribio yakipendwa hugeuka kawaida na jina halibadiliki tena. Kwa hiyo, ndugu msanidi, unapotaka kueleza jibu lako, tafuta kwanza kama heda iliyopo inatosha. Content-Location ipo tangu miaka ya 1990. ETag ipo. Cache-Control ipo. Heda mpya iwe ya jambo ambalo kweli halina wa kulisema, kama Accept-Query ilivyo.

Msikilizaji, wengine watasema haya ni mambo ya wakubwa wa Ulaya na Marekani, sisi tunapokea tu. Sikubaliani. IETF haina kadi ya uanachama. Rasimu zake husomwa bure na maoni ya yeyote hupokelewa, na hoja hupimwa kwa uzito wake. Wanaojua maumivu ya POST inayokatika katikati ya safari ni watu wa mitandao kama yetu. Wanaojua gharama ya kupakua jedwali lile lile mara kumi ni watumishi wa wilaya wanaonunua bando kwa fedha zao. Ujuzi huo ni ushahidi, na viwango huandikwa kwa ushahidi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kompyuta katika vyuo vyetu, wasiishie kuwafundisha vijana kurudisha JSON na msimbo 200. Wawafundishe kusoma heda za jibu kwa macho yao, kuuliza kila moja inaahidi nini, na kama seva inaweza kuitimiza ahadi hiyo. Nawaomba wanaosimamia mifumo ya afya, elimu na ardhi wapitie maswali yote ya kusoma yanayopelekwa leo kwa POST, wayaorodheshe, ili QUERY itakapokubaliwa na zana zao wajue pa kuanzia. Na ninyi vijana mnaoandika API zenu leo, anzeni na zile ambazo hazisubiri kiwango kipya: ETag sahihi, Cache-Control ya kweli, na anwani isiyo na jina la mgonjwa. Hizo mnaweza kuziweka kabla wiki hii haijaisha.